Maonesho na kongamano la zabibu Nyanda za Juu Kusini: yawe Mbeya wakati wa Nane Nane, au Iringa baadaye?

Mkulima wa Isimani

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, na salamu kwa wakubwa wote wa jukwaa hili.

Sisi ni kikundi cha wakulima wadogo wa zabibu katika tarafa ya Isimani. Tumezungumza na wenzetu wachache wa Pawaga na Mbarali, na wote tunaona kwamba umefika wakati wa kuwa na mkutano wetu wa kanda, wenye maonesho ya miche, zana na mvinyo kwa upande mmoja, na kongamano la kitaalamu kwa upande wa pili. Hadi leo, mtu wa huku anayetaka kujifunza kilimo cha zabibu kwa macho yake hufunga safari ya Dodoma. Barabara ya lami inayopita Mtera imeirahisisha safari hiyo, lakini anachofundishwa kule ni kilimo cha Dodoma, chenye joto na mvua za Dodoma, na akirudi nyumbani anakuta mizabibu yake haifuati kalenda aliyofundishwa.

Tumegawanyika kuhusu jambo moja. Wapo wanaosema tuombe eneo ndani ya viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wakati wa Nane Nane, kwa kuwa watu, mahema, umeme na viongozi wa serikali vyote vinakuwa vimeshafika. Wengine wanasema tufanye letu peke yetu Iringa, hata likiwa dogo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: lifanyike lini, wapi, na nani aalikwe kwanza?

Bwana Shamba wa Uyole

Ndugu Mkulima wa Isimani, swali la lini ndilo litakalojibu swali la wapi, kwa hiyo naanza nalo.

Nane Nane huanza tarehe 1 na kufikia kilele tarehe 8 Agosti. Kwa Dodoma huo ni wakati mzuri, kwa sababu mavuno yao ya pili huangukia Agosti na Septemba, na mkulima wa kule anaweza kuleta vishada vilivyoiva mezani. Kwetu hali ni tofauti. Dodoma mjini ni takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mbeya mjini inafika mita 1,700, na kwa kila mita 100 unazopanda joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Tofauti ya nyuzi tatu au nne inatosha kuchelewesha mzabibu kwa wiki kadhaa. Aliyepogolea mwezi wa tano, baada ya mvua kukatika, akapitia baridi ya Juni na Julai, atakuwa na punje ngumu za kijani mwanzoni mwa Agosti. Mgeni atakayefika kwenye banda lenu wakati huo ataona picha na mabango, na ataondoka akiamini kwamba zabibu hazizai huku.

Mvua nayo inatubana kwa upande wa pili. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, au Mei kwa baadhi ya maeneo. Zabibu inayoiva ndani ya mvua hupasuka, huoza, na hushambuliwa na ubwiri vinyoya, yaani ugonjwa wa ukungu, kiasi kwamba mkulima hupuliza dawa kila mara na bado anapoteza. Kwa hiyo dirisha letu la kuvuna ni la kiangazi, na linahitaji umwagiliaji; ninavyoona mimi, kwa maeneo kama Isimani dirisha hilo linafunguka Septemba na kufungwa Oktoba mwishoni. Mkutano wenu ungefaa uwe ndani ya dirisha hilo, na uwe karibu na shamba, ili baada ya somo la asubuhi washiriki wapelekwe kwenye mizabibu yenyewe, washike mkasi, waone jicho lipi linaachwa na lipi linakatwa. Kupogolea ndilo somo linaloharibika zaidi likifundishwa kwa maneno matupu. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe wakati wa kipupwe. Kwetu haulali, na mkasi wa mkulima ndio unaouambia uanze msimu mpya. Asiyejua kuutumia hupata matawi mengi na vishada vichache.

Jambo la pili nalisema kwa mkazo kwa sababu linaniuma. Kwenye maonesho ya kilimo watu hupenda kuuziana na kupeana vipando, yaani pingili zilizofungwa kwenye gazeti lenye unyevu, zisizo na jina la aina wala mahali zilikotoka. Pingili moja inaweza kubeba virusi au mdudu ambaye hatatoka tena katika udongo wa kijiji kizima. Wekeni kanuni kwamba hakuna kipando kinachouzwa viwanjani bila kujulikana chanzo chake. Waalikeni watafiti wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Makutupora, kwa kuwa kituo chao ndicho chenye dhamana ya utafiti wa zabibu nchini, na waombeni waje na miche iliyothibitishwa. Waalikeni pia maofisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wazungumze kuhusu usafirishaji wa mimea, pamoja na matumizi salama ya salfa na dawa zenye shaba.

Na tafadhali, msiitangaze kanda nzima kana kwamba ni moja. Isimani na Pawaga ni kukavu. Tukuyu mvua zake ni nyingi mno. Makete na sehemu za juu za Njombe hupata barafu ya alfajiri mwezi Juni na Julai, ambayo inaunguza machipukizi machanga kwa usiku mmoja. Kongamano la kweli litamwambia mkulima wa Rungwe abaki na parachichi na ndizi zake.

Mkamuzi wa Hombolo

Nawasalimu kutoka Dodoma. Mimi nimo katika ukamuaji, nanunua zabibu na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, kwa viwanda, kwa hiyo nitazungumza kama mnunuzi.

Bwana Shamba ameeleza vizuri upande wa shamba. Mimi nawaomba, kabla ya kukodi hema, mfahamu ni nani atakayenunua. Dodoma tumeshuhudia misimu ambayo zabibu zimebaki mashambani kwa kukosa soko, wakati miaka iliyotangulia watu wengi walikuwa wamehamasishwa kupanda. Mzabibu unachukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, na katika muda huo bei na mahitaji ya kiwanda yanaweza kubadilika kabisa. Anayepanda kwa sababu ya hotuba aliyoisikia kwenye maonesho anajitwisha mzigo ambao mtoa hotuba hatamsaidia kuubeba. Ikiwa kongamano lenu litamalizika kwa watu kupanda ekari nyingi bila mkataba, mtakuwa mmewaumiza.

Mwalikeni mnunuzi mapema, na mpeni nafasi ya kueleza anachokitaka kwa vipimo. Kwetu jambo la kwanza ni sukari. Mkulima huonja punje, akaona ni tamu, akavuna. Sisi tunakamua tone moja juu ya kioo cha refraktomita, tunatazama kwenye mwanga, na kipimo kinatuambia ukweli. Mvinyo mkavu wa kawaida huhitaji nyuzi kati ya 20 na 24 za Briksi, yaani kipimo cha sukari. Gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya juisi huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo zabibu iliyovunwa ikiwa na nyuzi 15 haitatoa mvinyo unaoweza kukaa. Wafundisheni pia kutazama mbegu: ikiwa bado ya kijani, kishada kiachwe. Kifaa chenyewe si ghali kwa kikundi, na ningependa kila mshiriki akishike na kukisoma mwenyewe siku hiyo, kwa sababu ugomvi mwingi kati ya mkulima na mnunuzi huanzia kwenye kipimo ambacho upande mmoja haukiamini.

Jambo la pili ni safari. Zabibu ya mvinyo haipendi gunia wala tenga refu. Za chini hupondeka, juisi huanza kuchachuka njiani, na inafika kiwandani ikiwa na harufu ya siki. Kutoka Isimani hadi huku ni saa kadhaa barabarani. Ama mvune alfajiri katika kreti fupi na kusafiri kabla ya jua kali, ama mfikirie kukamua huko huko na kusafirisha mchuzi ndani ya matanki ya chuma kisichoshika kutu. Hili la pili ndilo ningelifanya kuwa mada kuu ya kongamano lenu, kwa kuwa zabibu mbichi haiwezi kuwekwa ghalani ikasubiri bei kama ufuta au korosho, lakini mchuzi uliotunzwa vizuri unaweza kusubiri.

Mama wa Njombe

Naunga mkono Iringa, na naongeza ombi. Mimi natengeneza mvinyo wa matunda kwa kiasi kidogo, na wapo wenzangu wanaojaribu kuutunza ulanzi (pombe ya mianzi) kwenye chupa ili usichachuke kupita kiasi. Tusiachwe nje kwa sababu hatulimi zabibu. Mambo tunayohangaika nayo ni yale yale: usafi wa vyombo, hamira inayofaa, kiasi cha salfaiti ya kuhifadhia mvinyo, vizibo, lebo, usajili wa bidhaa TBS (shirika la viwango), na stempu za kielektroniki za TRA (mamlaka ya mapato). Meza moja ambayo SIDO (shirika la viwanda vidogo), TBS na TRA wanakaa pamoja na kujibu maswali kwa siku nzima ingetusaidia kuliko hotuba kumi. Mara nyingi mtu wa kawaida huambiwa na ofisi moja aanzie ofisi nyingine, na huko anarudishwa alikotoka.

TRA waombwe waeleze jambo moja hasa. Mvinyo unaotokana na zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango kidogo kuliko mvinyo mwingine. Je, mtengenezaji mdogo anathibitishaje asilimia hiyo, na kwa kumbukumbu zipi? Wengi wetu hatuna daftari linaloonyesha kilo zilizoingia na lita zilizotoka.

Mratibu wa Maonesho, Mbeya

Ndugu zangu, kazi yangu ni kuandaa maonesho, nami ni mtu wa Mbeya, lakini katika hili sitavutia kwetu.

Duniani mikutano ya namna hii iko ya aina mbili, na mkizichanganya mtapoteza fedha. Iko inayolenga kuuza mvinyo uliokwisha kutengenezwa, kama Vinitaly ya Verona nchini Italia, iliyoanza mwaka 1967, au ProWein ya Düsseldorf nchini Ujerumani. Huko anayetafutwa ni mwenye duka, hoteli na mwagizaji. Iko pia inayolenga mkulima na mtengenezaji, ambako mabanda yamejaa mashine za kutenganisha punje na vikonyo, pampu, mapipa, waya za kuegeshea mizabibu na maabara za kupima udongo. Mfano mkubwa ni Unified Wine & Grape Symposium ya Sacramento, California, inayoandaliwa kwa pamoja na chama cha wataalamu wa mvinyo na chama cha wakulima wa zabibu. Hufanyika Januari, wakati mizabibu ya kule imelala na mkulima ana nafasi ya kukaa darasani. Maonesho na kongamano vinakwenda pamoja, na mtu akitoka kwenye mada ya umwagiliaji anaingia bandani kuulizia bei ya mabomba aliyoyasikia.

Ninyi mnahitaji ya aina ya pili. Nane Nane ni uwanja mzuri wa kujitangaza. Mwaka 2022 na 2023 ilifanyika kitaifa hapa kwetu, na umati ulikuwa mkubwa. Lakini umati si darasa. Familia inayopita bandani na watoto ina dakika chache tu, kelele za vipaza sauti zinatoka kila upande, na mtaalamu hawezi kueleza kupogolea mahali hapo. Chukueni banda dogo Nane Nane, wekeni mizabibu kadhaa kwenye vyungu, andikisheni majina na simu za wanaolima kweli au wenye nia ya kweli, kisha waalikeni hao Iringa mwishoni mwa Septemba kwa siku mbili. Siku ya kwanza iwe ya mada asubuhi na mabanda mchana. Siku ya pili iwe ya shamba. Wauza zana walipie mabanda, na fedha hizo zigharamie nauli za watoa mada, ili kiingilio cha mkulima kibaki kidogo.

Mkulima wa Isimani

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimeyasoma haya yote mbele ya wanakikundi, na hoja ya punje za kijani mwezi Agosti imemaliza ubishi. Tutaomba banda dogo Mbeya kwa ajili ya kuandikisha watu, na mkutano wenyewe utakuwa Iringa. Mkamuzi, tutakuandikia tukuombe utoe mada ya kukamua huku huku na kusafirisha mchuzi. Na Mama wa Njombe, meza ya TBS, SIDO na TRA tumeiweka katika ratiba kama ulivyoomba, pamoja na swali lako la asilimia 75.

Limebaki moja: tukitaka wageni waonje mvinyo, utaratibu ukoje?

Mratibu wa Maonesho, Mbeya

Andikeni barua halmashauri mapema kuomba kibali, kwa sababu vileo viko chini ya leseni. Eneo la kuonjea litengwe, liwe na mlango mmoja, na asiingie aliye chini ya miaka 18. Wekeni maji ya kunywa, mkate, na ndoo ya kutemea, kwa kuwa anayeonja mivinyo mingi ili ailinganishe hapaswi kuimeza yote. Kila chupa iwe na karatasi inayotaja aina ya zabibu, shamba ilikotoka, tarehe ya kuvunwa na kipimo cha sukari siku hiyo. Mnunuzi makini atasoma karatasi hiyo kabla ya kunyanyua glasi.