Naomba ushauri: ni akina nani hasa watakaofika kwenye karatasi ya kura ya ugavana wa Maine mwaka 2026?

MkaziWaLewiston (mwanzisha uzi, Desemba 2025)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Ninaishi Lewiston, jimbo la Maine, na kwa kuwa nilipata uraia wa Marekani hivi karibuni, uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026 utakuwa wa kwanza kwangu kumchagua gavana. Wazee wa jumuiya yetu ya Wakongo na Warundi wameniomba niwaeleze kwa Kiswahili, mwezi Januari, ni akina nani wanaoelekea kugombea.

Gavana Janet Mills amefikia kikomo cha vipindi viwili mfululizo, naye Oktoba 2025 alitangaza kuwania useneta wa Marekani unaoshikiliwa na Susan Collins. Nafasi ikabaki wazi, na majina yakawa mengi. Upande wa Democratic wamejitangaza Shenna Bellows, Troy Jackson, Hannah Pingree, Angus King III na Dkt. Nirav Shah. Upande wa Republican wapo Bobby Charles, Jonathan Bush, Owen McCarthy na wengine kadhaa. Rick Bennett, seneta wa jimbo, amekihama chama cha Republican ili awe mgombea binafsi. Kila ninayemuuliza ananipa jina la mtu wake na kuniapia kwamba huyo ameshashinda. Sitaki kuwapelekea wazee uvumi. Nitapimaje nani atafika mwisho, na je, nijiandikishe katika chama au nibaki bila chama?

MamaWaPortland

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa uraia. Ningekushauri uanze na saini kabla ya majina. Mtu akijitangaza kwa waandishi wa habari bado hajawa mgombea. Anayetaka kuingia katika kura ya mchujo ya chama chake lazima akusanye saini zisizopungua 2,000 za wapiga kura walioandikishwa katika chama hichohicho, akianza Januari, na fomu ziwe zimewasilishwa ifikapo katikati ya Machi. Mgombea binafsi anatakiwa kuleta saini 4,000, lakini yeye amepewa hadi tarehe 1 Juni.

Nimewahi kusimama nje ya kituo cha kura na ubao wa fomu mkononi, kwa hiyo najua ugumu wake. Kila fomu hupelekwa kwa karani wa mji anakoishi mtia saini, naye karani hulinganisha jina moja moja na daftari lake. Ambaye hakuandikishwa, au ameandikishwa chama kingine, hufutwa. Kwa sababu hiyo mgombea makini hukusanya ziada na huwa na watu hadi miji midogo ya kaskazini, ilhali asiye na watu huonekana mapema. Ukizungumza na wazee Januari, waambie wazi kwamba hao ni waliojitangaza tu, kisha urudi kwao baada ya Machi.

Msomaji_Bangor

Naungana na Mama, ila kuna jambo moja ambalo wageni wengi wa siasa za Maine hulikosa, nalo hubadilisha makisio yote. Mchujo wa tarehe 9 Juni unatumia utaratibu wa kupanga wagombea: unaandika chaguo lako la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea. Asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Mills mwenyewe alipata tiketi ya chama mwaka 2018 kwa njia hiyo, baada ya kura kuhesabiwa kwa raundi kadhaa. Kwa hiyo, katika kundi la watu watano wa Democratic, usiulize tu nani ana mashabiki wengi. Uliza pia nani anakubalika kuwa chaguo la pili kwa mashabiki wa wenzake.

Novemba mambo hubadilika. Mwaka 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo walitoa maoni kwamba, kwa mujibu wa katiba ya Maine, gavana ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wengine, hata kama hakufika nusu. Kiti cha useneta, kwa kuwa ni cha shirikisho, kinabaki chini ya utaratibu wa kupanga. Mpiga kura atakutana na kanuni mbili siku moja: kwa seneta atapanga wagombea kwa nafasi, kwa gavana atajaza duara moja tu. Waonyeshe wazee karatasi ya mfano, maana maneno peke yake hayatoshi.

MtuWaAroostook

Kwa heshima, naona mnaegemea mno kwenye kanuni na kusahau watu. Jina la ukoo lina nguvu katika jimbo dogo kama hili. Pingree alikuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mama yake, Chellie Pingree, ni mbunge wa Maine huko Washington. Baba yake King alikuwa gavana kuanzia 1995 hadi 2003 na sasa ni seneta. Bush ni binamu wa rais wa zamani George W. Bush. Bellows anajulikana kila pembe, kwa mema na kwa lawama, tangu alipoamua Desemba 2023, akiwa Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, kumwondoa Trump kwenye mchujo wa urais, uamuzi alioufuta mwenyewe Machi 2024 baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi kama hiyo ya Colorado. Shah, aliyeongoza kituo cha jimbo cha kudhibiti magonjwa, aliingia sebuleni mwetu kupitia taarifa zake za korona. Lakini huku kwetu kaskazini Jackson, mkata magogo kutoka Allagash aliyepanda hadi kuwa rais wa Seneti ya jimbo, anasikilizwa na watu ambao hawasikilizi mwanasiasa mwingine wa Democratic.

MkaziWaLewiston

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Wazee wameniuliza jambo moja zaidi: je, Bennett, akikamilisha saini, atagawanya kura za upande mmoja na kuupa mwingine ushindi?

Msomaji_Bangor

Anaweza, na kumbukumbu ya 2010 haijafutika. Mwaka huo Paul LePage wa Republican alishinda kwa takriban asilimia 38, huku mgombea binafsi Eliot Cutler akimfuata kwa karibu asilimia 36 na Libby Mitchell wa Democratic akiachwa nyuma na 19. Ni matokeo ya namna hiyo yaliyowasukuma wananchi kupitisha utaratibu wa kupanga wagombea mwaka 2016. Tofauti ni kwamba Bennett aliwahi kuwa mwenyekiti wa Republican jimboni, hivyo si rahisi kusema atamega kura za upande gani. Mimi ningesubiri nione nani anashinda mchujo wa Republican: akiwa mtu mkali sana, Bennett atavuta wenye msimamo wa wastani wa chama hicho, akiwa mpole, atakula zaidi kwa Democratic.

MamaWaPortland

Kuhusu chama: tangu 2024 asiye na chama anaruhusiwa kupiga kura katika mchujo wa chama kimoja akipendacho, kwa hiyo hulazimiki kujiunga. Ukitaka saini yako ihesabiwe kwenye fomu ya mgombea wa chama, hapo ni lazima uandikishwe katika chama chake.

Nakusihi tena jambo moja. Katika kikao chako watakuwemo wenye kadi ya ukaazi na waomba hifadhi. Waambie kwa sauti, mwanzo wa kikao, kwamba asiye raia asijiandikishe kabisa kupiga kura, hata akishawishiwa na mtu mwema, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfunga njia ya uraia na hata kumfanya afukuzwe nchini.

MkaziWaLewiston

Nimekuelewa, Mama, na hilo ndilo nitakaloanza nalo. Kikao cha Januari kitahusu waliojitangaza na namna ya kupanga wagombea, cha pili nitakiweka baada ya katikati ya Machi, na kesho nitapita kwa karani wa mji kumwomba karatasi za mfano.