Mtutu wa .308: amonia, povu au pesti? Naomba ulinganisho

MkulimaNjoro
Habari zenu wadau. Nina bunduki ya .308 (kipimo cha risasi kwa inchi) ya bolti, ile unayoivuta kwa mkono kupakia kila risasi, leseni iko sawa, kazi yake ni shabaha tu. Siku hizi matundu kwenye shabaha ya mita 100 yanatawanyika ilhali risasi ni zile zile na darubini imekazwa vizuri. Nikimulika mdomo wa mtutu kwa tochi naona michirizi ya rangi ya shaba, na kitambaa nikikipitisha kinatoka cheusi tititi. Nimepewa ushauri wa aina tatu: dawa kali ya amonia, povu la kulaza usiku kucha, au pesti ya kusugua. Aliyetumia zote anilinganishie tafadhali. Kupata mtutu mwingine huku si jambo la wiki moja.

Mzee_Molo
Kijana wangu, kabla ya kuchagua dawa jua una uchafu wa aina mbili. Ule mweusi ni kaboni, mabaki ya baruti. Ile michirizi ni shaba inayobanduka kwenye ganda jembamba linalofunika kichwa cha risasi; maganda mengi ni kama asilimia 95 shaba na 5 zinki. Kila ukifyatua, kimoja kinalala juu ya kingine, kama ukoko wa ugali ulioungulia juu ya ukoko wa jana. Dawa ya shaba haipenyi kaboni. Ndiyo maana mtu anaweka amonia, kitambaa kinatoka cheupe, anafurahi, kumbe shaba yote bado iko chini.

Anza na kaboni. Hoppe's No. 9, ile iliyoanza kuuzwa 1903, inatosha kwa kaboni ya kawaida pamoja na brashi ya bronzi. Kausha kabisa, ndipo uende kwa shaba. Hapo mimi natetea amonia. Sweet's 7.62 inafanya kazi haraka, na kitambaa kikitoka buluu unajua shaba inayeyuka. Lakini usiizidishe dakika 15 ndani ya mtutu, fungua madirisha, na ukimaliza futa yote upake mafuta.

ZiwaniKisumu
Mzee, kwa kaboni nakuunga mkono. Kwa amonia hapana. Sisi wa karibu na ziwa hewa ina unyevu muda wote, na chuma kilichooshwa kwa dawa kali kikabaki bila mafuta hakikawii kushika kutu. Mimi ni mtu wa povu lisilo na amonia, kama Wipe-Out. Unapuliza kutokea upande wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, unaacha saa kadhaa, unarudi na vitambaa. Halina harufu ya kukutoa machozi na brashi huigusi.

Ubaya wake ni polepole, na shaba nzito inahitaji kurudia. Angalia pia lisichuruzike kwenye triga na kitako cha mbao: laza bunduki mdomo ukielekea chini kidogo.

DadaShabaha
Naongeza moja kuhusu hiyo buluu. Ukitumia dawa ya shaba na brashi ya bronzi au kichwa cha shaba nyeupe cha ufito wa kusafishia, dawa inakula vifaa vyako pia. Kitambaa kitatoka buluu hata mtutu ukiwa safi, na utasugua mpaka jioni bure. Kwa hatua ya shaba tumia brashi ya nailoni.

Na nawasihi, msichanganye dawa za jikoni. Amonia ikikutana na Jik inatoa gesi ya sumu. Siki na peroksaidi ambayo watu wanasifia inageuza risasi, yaani ile metali ya ledi, kuwa chumvi yenye sumu inayoingia mwilini kirahisi. Haifai hata kidogo.

FundiNakuru
Pesti ndiyo naulizwa sana, basi nieleze. J-B na wenzake zina chembe za kusugua. Hazichagui kati ya kaboni, shaba na chuma. Nazitumia pale tu kaboni imekuwa ngumu mbele ya chemba, pale risasi inapoanzia safari. Pale moto ni mkali kuliko kwingine na dawa za kimiminika huchelewa. Nasugua sehemu hiyo fupi, sifikishi pesti kwenye mdomo, kisha naosha hadi vitambaa visiwe na hata dalili yake.

Jambo linaloharibu mitutu mingi kuliko dawa yoyote ni ufito. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, ingiza ufito kutoka nyuma ukipita ndani ya bomba la kuuongoza. Ukiingiza kwa mbele, ufito unakwaruza ukingo wa mdomo, na ukingo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi. Ukilika upande mmoja, hakuna dawa ya kuurudisha.

MkulimaNjoro
Asanteni sana. Basi ni kaboni kwanza, kisha povu, na amonia nikiona povu limeshindwa. Pesti naiacha kwa fundi. Je, nisafishe mpaka buluu iishe kabisa?

DadaShabaha
Kaka, si lazima. Mitutu mingi hulenga vizuri zaidi ikishafyatuliwa risasi chache baada ya usafi, kwa sababu shaba kidogo inajaza vikwaruzo vidogo. Matundu yakikusanyika tena, acha. Risasi zetu zinanunuliwa kwa kiwango cha leseni, usizimalize kuutuliza mtutu ulioukwangua bila sababu.

Mzee_Molo
Na kabla ya kwenda uwanjani pitisha kitambaa kikavu kutoa mafuta yote, chemba pia. Mafuta yakibaki, risasi ya kwanza huenda kivyake, na yakiwa mengi presha hupanda kupita kiasi. Ukirudi nyumbani, safisha kaboni siku hiyo hiyo kabla haijakauka.