Lupu mbili za mnara wa spiriti zinapigana, msaada wakuu

Mleta mada: Wakuu, poleni na majukumu. Kiwandani tunatengeneza spiriti kutokana na molasi. Kwenye mnara wa kutenganisha spiriti na maji, joto la juu naliongoza kwa rifluksi (spiriti iliyopoozwa inayorudishwa juu ya mnara), la chini kwa mvuke wa kupasha. Kila lupu (sensa, kidhibiti na vali yake) ikiwa peke yake imetulia. Nikiziweka zote otomatiki zinayumba, hii ikipanda ile inashuka, mpaka opereta anazirudisha kwenye mkono huku akiniangalia kwa jicho baya. Nimetyuni PID zote (vidhibiti vya lupu) upya, wapi! Au nahitaji mfumo mkubwa zaidi?

Baharia: Punguza geini zote (nguvu ya vidhibiti kuitikia) kwa nusu, maisha yaendelee.

Mzee wa Boila: Pima kwanza, mdogo wangu. Lupu zote kwenye mkono, mnara ukitulia ongeza rifluksi asilimia 1, subiri utulie tena, andika joto la juu na la chini. Irudishe, kisha fanya hivyo kwa mvuke. Tuseme rifluksi imeshusha juu nyuzi 0.6 na chini 1.2, mvuke umepandisha juu 0.5 na chini 1.5. Zidisha 0.5 kwa 1.2, gawanya kwa 0.6 mara 1.5: unapata 0.67. Toa kwenye 1, inabaki 0.33. Gawanya 1 kwa hiyo, jibu 3. Hesabu hii ni ya mhandisi Edgar Bristol, aliitoa 1966. Maana yake lupu ya pili ikiwa otomatiki, nguvu ya vali yako inabaki theluthi. Ingekuwa karibu na 1 ningesema tyuni tu.

Sensa ya juu iko wapi?

Mleta mada: Kwenye bomba la mvuke wa spiriti unaotoka juu, kabla ya kondensa inayoupooza.

Mzee wa Boila: Nilidhani hivyo. Spiriti ikikaribia asilimia 95.6 kwa uzito inachemka kwenye nyuzi 78.2, na hapo ukali wake ukibadilika kidogo joto halisogei. Presha ndiyo inayolisogeza, kwa hiyo lupu yako inakimbizana na presha. Shusha sensa trei kadhaa (sahani za ndani ya mnara), pale joto linaporuka kati ya trei na trei. Mteja analipia ukali, basi lupu ya juu iitikie haraka, ya chini iende taratibu.

Kuhusu mfumo mkubwa: mifumo ya kutabiri kwa modeli, Shell walikuwa kati ya wa kwanza kuitumia, miaka ya 1970, kwenye mitambo ya mafuta yenye vali na mipaka kibao. Kwa vali mbili, tunza hela.

Mleta mada: Trei ya tano kutoka juu ina tundu la sensa lililozibwa. Mnara ukisimama nitaomba lifunguliwe.

Baharia: Na geini?

Mzee wa Boila: Baada ya hapo, Baharia.