Barua pepe taka siyo kero tu, na watu wa IT mnachangia

Wakuu, nimechoka na jibu la "si ufute tu" kila mtu anapolalamikia barua taka. Mwaka 2008 watafiti wa Berkeley na San Diego walijipenyeza kwenye Storm, mtandao wa kompyuta zilizotekwa, wakahesabu: barua za matangazo ya dawa karibu milioni 350, mauzo 28. Mtumaji hajali, maana kompyuta, umeme na bando ni vya watu wengine.

Hata kufungua kunampa kitu. Ndani kuna picha ya pikseli 1 kwa 1, huioni, ila ikipakuliwa anajua anwani yako iko hai. Ukibofya "jitoe" kwenye barua ya mtu usiyemjua, ndiyo kabisa. Zima picha za nje kwenye mipangilio, iripoti kuwa taka, basi.

Hayo ni madogo. Mhasibu anapokea barua ya muuzaji, "tumebadilisha akaunti ya benki", jina sahihi, kikoa (kile cha baada ya @) sahihi, proforma ileile. Analipa, kumbe ni feki. Jamani, sehemu ya mtumaji mtu yeyote anaandika apendavyo, SMTP, njia inayosafirisha barua pepe, yenyewe haikagui! Wanaokagua ni SPF (seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (saini ya barua) na DMARC (barua ikifeli ifanyweje), mistari michache kwenye DNS, yaani daftari la umma la kikoa chako, pamoja na seva yako kutia saini ya DKIM. Sasa chungulia DMARC za kampuni zetu nyingi: p=none. Yaani barua feki ikija, ipitisheni, mimi nitumieni ripoti. Mlinzi anaandika namba ya gari la mwizi, kisha anafungua geti. Na ripoti hazisomwi!

None ni ya wiki chache za mwanzo, mjue mifumo yote inayotuma kwa jina lenu. Ule wa ankara na wa mishahara ndiyo husahaulika. Ukikaza mapema, barua zake halali zinapotea, bosi anapiga kelele, mnarudi none milele. Irekebisheni mifumo hiyo kwanza, pandeni quarantine (feki ziende kwenye taka), kisha reject (zikataliwe kabisa).

Mhasibu, kwenye Gmail bonyeza vidoti vitatu, "Show original". DMARC ikiwa FAIL, usilipe. Ikiwa PASS, bado usilipe: huenda sanduku la barua la muuzaji limedukuliwa, au kikoa kina "rn" mahali pa "m". Angalia pia Reply-To, anwani ambako jibu lako litaenda, inaelekea wapi. Piga simu namba ya kwenye mkataba, siyo ya kwenye barua hiyo.

Na faili la zip lenye nywila, nywila yenyewe imeandikwa humo humo kwenye barua? Limefungwa ili antivirusi isione ndani. Kwa hiyo atakayekuja hapa na "sisi tuna antivirusi", aweke kwanza rekodi yake ya DMARC tuione.