Mjadala: Wanafunzi waanze na klasi za kishikio, au kwanza wahesabu marejeo kwa mkono?

Mleta mada, Makulu, Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Hoja hii imetugawa kijiweni tangu Jumamosi, naomba tuimalizie hapa.

Plagini za brauza (vipande vya programu vinavyoongezwa ndani ya brauza) za mtindo wa NPAPI, ulioanza na brauza ya Netscape mwaka 1995, zilishika vitu vya JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, kwa kuhesabu marejeo, yaani ni wangapi bado wanakishika kitu. Ukichukua kitu unaita NPN_RetainObject, hesabu inapanda. Ukimaliza unaita NPN_ReleaseObject, inashuka. Ikifika sifuri, kitu kinafutwa. Ukisahau kuachia, memori inavuja. Ukiachia mara mbili, kuna sehemu itagusa kitu kilichokwisha kufutwa, na brauza inaanguka.

Klasi ya kishikio, yaani kipande cha msimbo kinachokushikia kitu, inaondoa mzigo huo: kishikio kikizaliwa kinapandisha hesabu, kikifa kinaishusha, bila mtu kukumbuka chochote. Msimamo wangu ni kwamba vijana wetu wa vyuo hapa Dodoma wapewe kishikio tangu siku ya kwanza. Kuwahesabisha kwa mkono muhula mzima ni kuwazoesha makosa.

Mchangiaji wa pili, mwalimu

Napinga, na napinga kwa uchungu. Kila muhula nasahihisha msimbo uliojaa shared_ptr, kishikio cha aina hiyo cha lugha ya C++, na mwanafunzi ukimuuliza kama ni salama kwenye nyuzi nyingi (njia za kazi zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja) anajibu "ndiyo" bila kufikiri. Kilicho salama ni hesabu tu. Kitu chenyewe kilichoshikwa hakina ulinzi wowote. Hata kishikio kimoja, uzi mmoja ukikiandika wakati mwingine unakisoma, tayari ni hatari.

Niwasimulie kilichonipata. Niliandika plagini ya kusoma alama za vidole kwa ofisi moja mjini. Uzi wa pili ulikuwa unasubiri kidole, umeshika kishikio cha fankisheni ya ukurasa ili ije kuitwa kupitia uzi mkuu. Karani akivumilia hadi kidole kisomeke, kila kitu sawa. Akibonyeza kufuta mapema, siku nyingine brauza inaanguka, siku nyingine haianguki. Nilihangaika wiki tatu. Kumbe akifuta, uzi mkuu unaachia kishikio chake, na kile cha uzi wa pili kinabaki cha mwisho. Kishikio cha mwisho kikifa ndicho kinachoita NPN_ReleaseObject, hapa kutoka uzi wa pili, na brauza inataka miito hiyo itoke uzi mkuu peke yake! Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Mahali pa kuachia ndipo palipokuwa si pake.

Ni kama chumba cha hosteli cha watu wanne. Haitoshi kusema anayetoka mwisho afunge mlango. Ufunguo lazima urudi kwa mlinzi, si kwa jirani yeyote uliyemkuta kibarazani.

Nilitengeneza kishikio kingine: kikifia nje ya uzi mkuu hakiachii chochote, kinaweka jina la kitu kwenye foleni yenye kufuli, na uzi mkuu unakuja kuimaliza. Nisingewahi kukiwaza kama sikujua kwa mkono hesabu inashuka lini.

Mchangiaji wa tatu, Nkuhungu

Mwalimu, shikamoo, ila tunabishania maiti. Chrome iliziondoa NPAPI kabisa toleo la 45, Septemba 2015. Firefox ilifuata Machi 2017, ikabakiza Flash, nayo Flash ikafika mwisho Desemba 2020. Kijana anayetafuta kazi leo anaulizwa JavaScript. Mpeni hiyo.

Mleta mada

Plagini zimekufa, kosa lake halijafa. Mwaka 2020 waandishi wa Chromium, msimbo ulio msingi wa Chrome, walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya yao mikubwa ya usalama inatokana na memori, na karibu nusu ya hiyo ni kugusa kitu kilichokwisha kufutwa. Dawa yao mojawapo ni MiraclePtr, klasi inayoshika anwani ya kitu badala ya pointa tupu. Kama wao wanaegemea klasi, sisi tunamwambiaje mwanafunzi ategemee kumbukumbu ya kichwa chake?

Mchangiaji wa nne

Mbona hakuna anayetaja lugha ya Rust? Ukijaribu kuhamisha Rc, kishikio chake cha uzi mmoja, kwenda uzi mwingine, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inakataa, inataka Arc, kile cha nyuzi nyingi. Kijana anajifunza kwa kukataliwa, kabla programu haijamfikia karani yeyote.

Mwalimu tena

Marahaba kwa kijana wa Nkuhungu. Wa Rust, hoja yako naiheshimu, lakini Arc nayo inafutwa na uzi wowote utakaokuwa wa mwisho. Ukifunga kitu cha brauza humo bila kumwambia kompaila kwamba ni cha uzi mkuu tu, umerudi kwenye wiki zangu tatu.

Mleta mada, sitaki muhula mzima. Nataka wiki mbili.

Mleta mada

Wiki mbili nakubali, kwa sharti moja: zoezi la kwanza liwe na uzi wa pili na kitufe cha kufuta. Mazoezi yetu mengi yana uzi mmoja, na humo hata msimbo mbovu unapata alama zote.

Mwalimu

Nitaliandika wikiendi hii. Aliye na kompyuta ya zamani yenye Firefox ya kabla ya 2017 anitafute, nataka waone inavyoanguka kwa macho yao.