Ukikodi punda wangu mzima, nirudishie mzima! Uzi wa hasira kutoka Lamu

Wanajamvi, salamu zenu. Nina hasira, kwa hiyo mtakapokuta neno limepinda nisameheni mapema. Saa hizi ni usiku wa Ijumaa, nimeketi barazani kwangu huku Langoni, na uani kuna punda amesimama kainamisha kichwa. Hataki pumba, hataki majani, hataki hata ganda la embe ambalo siku nyingine angening'ata kidole akilinyakua. Anaitwa Kaskazi, kwa sababu alizaliwa wiki ile upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, na mimi ndiye niliyempokea. Nilimkodisha siku nne tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Upande wa Shela kuna nyumba inajengwa, nyumba ya ghorofa ya mtu ambaye hata Lamu haishi. Simiti inashushwa pwani kutoka jahazini, halafu inapandishwa juu kwa punda, maana vichochoro mnavijua, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kontrakta sitamtaja. Anajijua, na wanaofanya kazi naye wanamjua. Alimtuma kijana wake kwangu, kijana mwenye adabu kabisa, "shikamoo ami, tunaomba punda wako mmoja, kazi imetuzidi."

Tulipatana mdomo kwa mdomo, na wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa ni mashahidi. Safari moja mfuko mmoja wa simiti, yaani kilo 50, wa pili asibandikwe. Adhuhuri afunguliwe, apewe maji safi na kivuli mpaka jua lipungue. Magharibi arudi kwangu. Shilingi 800 kwa siku. Nikampa na tandiko langu mwenyewe, magunia mawili niliyoyashona na kuyajaza makumbi, na shogi jipya, lile kapu la ukili la kubebea mizigo pande mbili za mgongo, halijamaliza hata mwezi.

Siku ya kwanza alirudi vizuri. Ya pili alirudi baada ya isha, amechoka, nikasema labda jahazi lilichelewa. Ya tatu hakurudi. Napiga simu naambiwa, "Amelala huku huku ami, usiwe na shaka, yuko na wenzake." Na mimi mjinga nikakubali! Hapo najilaumu mwenyewe, simlaumu mtu. Mwenye punda anayelala bila kumwona punda wake ana haki gani ya kulalamika? Lakini nalalamika.

Alhamisi jioni kaletwa na mtoto wa miaka kama kumi. Tandiko hakuna. Shogi hakuna. Shingoni kamba ya nailoni, ile ya kufungia mashua. Pale juu ya mabega mfupa unapochomoza pana kidonda ukubwa wa kiganja changu, na kidonda hicho wamekipaka oili chafu ya injini! Jamani, oili chafu! Tumboni ilipopita kamba manyoya yameng'oka na ngozi imebaki mbichi. Ukwato wa mbele wa kushoto umepasuka. Mtoto akanipa shilingi 2,000 badala ya 3,200, akasema ameambiwa siku moja na nusu punda "aligoma", kwa hiyo haihesabiwi.

Aligoma. Nimeuliza vijana wa gatini wakanieleza wenyewe. Alikuwa akibandikwa mifuko miwili, na akirudi mtupu kijana mzima anampanda na bakora mkononi ili awahi. Haya, fanyeni hesabu. Punda wetu ni wadogo. Kaskazi alipimwa hospitali ya punda kwa ule utepe wa kuzungushwa kifuani, ni kama kilo 150. Wanaojua kazi hii husema punda asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo mfuko mmoja ndio mwisho wake. Wao wakamtwika kilo 100 na kumpandisha mchangani kwenye jua. Na tandiko walikuwa wamempa punda mwingine, kwa hiyo mifuko ililala mfupani.

Alipogoma ndipo alipokuwa akisema. Farasi akiumia utamjua, atarusha miguu, atakimbia. Punda hafanyi hivyo, yeye husimama. Anameza maumivu, masikio yanalegea, jicho linakuwa zito, basi. Ndiyo maana wajinga wanamwita mkaidi na kumwongeza fimbo.

Nikampigia kontrakta mwenyewe. Sikumtukana, naapa. Nikamwambia bwana, punda amerudi na jeraha, tandiko na shogi sijaviona, na hesabu yetu haijatimia. Akacheka. "Ni punda tu ndugu yangu. Kazi ya punda ni nini?" Nikamwambia mnyama hataweza kazi wiki kadhaa. Akanijibu, "Basi nunua mwingine."

Nunua mwingine!

Hivi mtu huyu anadhani punda anasukwa kama mkeka? Mama punda anabeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine na zaidi. Akizaa, huyo mtoto humtwiki kitu mpaka mifupa ikomae, na mimi mzigo wa kweli siuweki kabla ya miaka minne. Kabla ya hapo ni mafunzo. Anatembea ubavuni mwa mama yake ajue vichochoro, mfereji uko wapi, ngazi ziko wapi. Baadaye unamvisha hatamu dakika chache kila siku. Kisha unamwekea shogi tupu mgongoni azoee kitu kinachomgusa mbavu, kisha madafu mawili matatu kila upande, sawasawa, maana mzigo ukilalia upande mmoja atatembea kombo maisha yake yote. Huo ni muda wangu. Kontrakta atanunua duka gani?

Na bei je? Waliokuwa na punda wanakumbuka. Tangu 2012 ilipokubaliwa Kenya punda achinjwe, yakajengwa machinjio manne huko bara, ngozi zikawa zinapelekwa China kutengenezewa dawa, wezi wakaingia mazizini usiku na bei ikaruka. Serikali ikapiga marufuku Februari 2020, Mei 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo, tukarudi pale pale roho juu. Mpaka Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Tumewaponyesha punda na kisu cha mchinjaji, leo wanauawa na mifuko ya simiti.

Jana usiku sikulala. Leo alfajiri nikamkokota taratibu mpaka hospitali ya punda pale ukingoni mwa bahari. Wageni hupiga picha kibao chake na kucheka, lakini ipo tangu 1987 na inatibu bure, na bila hiyo sijui mji huu ungekuwa na punda wangapi wazima. Daktari kaitoa ile oili kwanza, robo saa nzima, maana inafunga uchafu ndani na kuchoma nyama. Kidonda ni maji ya chumvi tu na dawa yake, si oili, si maji ya betri, si jivu. Akamdunga na sindano ya pepopunda. (Wazee waliouita ugonjwa ule pepopunda hawakukosea, farasi na punda hushikwa nao upesi kupitia jeraha na ukwato uliopasuka. Misumari iliyotapakaa kwenye mjengo ule nimeiona kwa macho yangu.)

Kumbe jeraha lilikuwa nusu ya habari. Daktari akaweka kipimo ubavuni kusikiliza tumbo. Kulia kuna ngurumo kidogo. Kushoto kimya. Akaniuliza, "Alikula nini huko?" Nitajuaje? Nikampigia yule kijana mwenye adabu, naye akasema ukweli kwa sauti ya chini. Usiku ule punda walifungwa ndani ya mjengo, hakuna majani, na asubuhi walikuta wametafuna mifuko mitupu ya simiti. Karatasi, na vumbi la simiti lililobaki ndani! Na maji? "Kulikuwa na pipa ami, lakini ni la kuchanganyia zege."

Punda ana maringo kwenye maji, mkitaka kujua. Atakunywa lita 15, 20 kwa siku ya jua, lakini pipa likinuka hagusi, afadhali afe. Na tumbo likiziba hana njia ya kutapika, alivyoumbwa yeye na farasi wanachomeza hakirudi juu, lazima kitoke nyuma au kimuue. Daktari akampitishia mpira puani mpaka tumboni akamtilia parafini ya dawa, ile ya kulainisha tumbo, si mafuta ya taa, akamdunga dawa ya maumivu, akasema sasa ni kumtembeza pole pole na kungoja. Tumetembea tangu mchana, mimi na yeye, mpaka msikitini na kurudi, mpaka msikitini na kurudi. Watu wananiamkia kwa pole kana kwamba nimefiwa.

Nikiri na upande wetu. Kuna wenye punda humu wanaonihurumia leo na kesho watafanya yaleyale. Punda wanaachiwa usiku wajilishe jaani, wanakula nailoni na nepi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku 2017 na kweli imepungua, lakini nendeni kwenye majaa yetu mkaone kilichobaki. Na wale wavulana wanaochukua punda wa watu usiku wa manane kwenda kushindana pwani, wazazi wenu wanawajua.

Tena mashindano. Hilo ndilo linaloniuma na sikutaka kulisema. Kaskazi nilikuwa namtengeneza kwa mbio za Maulidi. Aliyeshuhudia mbio hizo anajua, ukingo wa bahari umejaa watu mpaka juu ya mapaa, vijana hawana tandiko, wameshika kamba tu na magoti, na punda mmoja daima anaamua katikati ya mbio kwamba nyumbani ni upande wa pili. Mpwa wangu ana miaka 13, mwepesi kama ungo, na miezi mitatu amekuwa akiamka kabla ya alfajiri. Maji ya bahari yakitoka wanakwenda kwenye mchanga mgumu njia ya Shela, wanatembea, wanakwenda mbio ndogo, wanatembea tena. Hampigi. Amemfundisha kuondoka kwa kubana magoti na kupiga ulimi, na kugeuka kwa kumgusa shingo. Kaskazi alikuwa akimsikia mlangoni anaanza kulia kabla hajabisha hodi. Leo mtoto kaja, kaona kile kidonda, hakusema kitu. Kachukua brashi akamchana mkia, akaenda zake.

Najua watakaosema "leteni bodaboda, punda wamepitwa". Bodaboda hizi hizi ambazo zimejaa mpaka mtu hawezi kumwachia mtoto mlango wazi? Basi muulizeni kontrakta kwa nini hakukodi bodaboda apandishe simiti kwenye ngazi za kichochoro. Mji huu uliandikwa urithi wa dunia 2001 na kila jiwe la nyumba hizo wanazokuja kuzipiga picha lilipita mgongoni mwa punda. "Simile, simile!" tunapiga kelele wageni wapishe, wanapisha wakitabasamu, hawaoni kilicho chini ya mzigo.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka shilingi zangu 1,200 zilizobaki, tandiko na shogi, na malipo ya siku atakazokaa bila kazi. Na Kenya ipo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, kumtwika mnyama kupita uwezo wake ni kosa ndani yake. Jumatatu naenda kwa chifu na wale wazee wangu wawili wa kahawa. Mwenye picha za punda kwenye mjengo ule siku ya Jumatano anitumie kwa faragha. Na wenye punda wenzangu, kijana akija na shikamoo zake tamu, muulizeni kwanza anatoka mjengo gani.

NIMEONGEZA, Jumamosi asubuhi: Wanaouliza hali yake, ahsanteni. Saa kumi na moja alfajiri Kaskazi amekunya! Sijawahi kufurahia mavi kama leo, nimemwamsha mke wangu akaja na taa kuyaangalia. Madogo, makavu, lakini yametoka, na baadaye kidogo akanywa nusu ndoo. Ndani ya mavi hayo kuna donge la karatasi ya kahawia la mfuko wa simiti, limesokotana kama kamba. Nimeliosha nimelitia kwenye kopo. Kontrakta nitampelekea mwenyewe, ni mali yake.