Chini ya mfalme mwenye neno la mwisho, mwananchi wa kawaida ana haki gani?

Mchuuzi wa Kirumba:
Wakuu, habari za jioni. Hapa Mwaloni tunabishana tangu mchana. Jamaa mmoja anasema bunge linatupotezea muda, bora tungekuwa na mfalme kama wa Eswatini, ile Swaziland ya zamani, akisema barabara ijengwe inajengwa. Wengi wanamuunga mkono. Mimi moyo unakataa ila hoja sina. Naomba kueleweshwa: mahali ambapo neno la mfalme ndilo la mwisho, kiwanja changu ni changu kweli? Nikionewa na mtu wake, naenda kushtaki wapi?

Kijana wa Pasiansi:
Tusiwasingizie. Eswatini wana katiba ya 2005 na ina sura nzima ya haki. Watu wanalima, wanasomesha watoto, maisha yanaenda.

Mama Koku, Igoma:
Mwanangu, katiba ipo, lakini isome yote. Kifungu cha 11 kinasema mfalme hashtakiwi. Cha 211 kinaweka ardhi mikononi mwake kwa niaba ya taifa, isipokuwa ile yenye hati ya mtu binafsi. Kifungu hichohicho kinaahidi fidia kwa atakayenyang'anywa. Sawa, lakini nani ataamua ulipwe? Majaji anateua yeye, waziri mkuu anateua yeye, na machifu wanaogawa mashamba vijijini wanatawala kwa niaba yake.

Nasema kwa uchungu kwa sababu kwetu Kagera tuliyaonja. Babu yangu alilima shamba la nyarubanja. Migomba ilipandwa na baba yake, kahawa akapanda mwenyewe, ila ardhi ilikuwa ya bwana aliyepewa na mukama, yaani mfalme wa Wahaya. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, inaondoka kwenda kwa bwana, siku za kumlimia ziko palepale. Bibi alitusimulia habari ya mikungu. Mjumbe wa bwana anaingia shambani, anapapasa ndizi za huu, anaupita, anapapasa za ule, halafu anaurudia mkungu ambao bibi ameuwekea nguzo kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Anaukata huohuo. Na ukitaka kumlalamikia bwana, unakwenda kwa yuleyule aliyempa shamba! Babu hakwenda. Hakuna bwana aliyemwonea huruma. Ilibidi ije sheria ya 1965, baada ya Uhuru, kuanza kuwamilikisha waliokuwa wakilima.

Ng'wana Magu:
Mama umenena, ila tusiwaweke watawala wote wa zamani kapu moja. Huku Usukumani mtemi alichaguliwa na banang'oma, wale wakuu wa baraza la utemi, na mambo yakiharibika, mvua ikikataa, waliweza kumwondoa. Ukionewa unaswaga ng'ombe wako, unahamia kwa mtemi mwingine. Mtemi aliyekimbiwa na watu anamtawala nani?

Mama Koku, Igoma:
Kweli kabisa, na hapo ndipo penye jibu. Mtemi huyo alikuwa na watu wa kumwambia hapana, tena mwonewa alikuwa na pa kwenda. Mkulima wa Eswatini leo ahamishie wapi shamba lake?

Mchuuzi wa Kirumba:
Na wakimwandikia mfalme kwa adabu tu, kueleza shida zao?

Mama Koku, Igoma:
Waliandika, baba. Mwaka 2021 vijana walikuwa wakipeleka maombi yao kwenye majimbo, wenyewe wanayaita tinkhundla, wakitaka pamoja na mengine waziri mkuu achaguliwe na wananchi. Mwezi Juni serikali ikapiga marufuku kupeleka maombi hayo. Ghasia zikalipuka, makumi ya watu wakauawa. Wabunge wawili waliosimama na wananchi, Mduduzi Bacede Mabuza na Mthandeni Dube, walikamatwa Julai, na 2024 wakahukumiwa vifungo vya miaka 25 na 18. Hao walikuwa wabunge, watu wenye majina. Na chama cha kuwasemea bungeni hawana, maana Sobhuza II, mfalme wa wakati ule, alipiga marufuku vyama Aprili 1973, na mpaka leo uchaguzi kule hausimamishi mgombea wa chama.